Baridi Haina Neno, Tatizo ni Maji

Saa tatu na robo asubuhi, mwezi wa Desemba, nje giza kama saa nne usiku. Nimekaa sakafuni kwenye chumba cha kuvalia, miguu nimeinyoosha, na mbele yangu kuna watoto watatu ambao hakuna hata mmoja aliyefikisha miaka miwili. Wa kwanza ameshavaa mpaka shingoni na uso umeanza kuwa mwekundu kwa joto. Wa pili ameingiza mguu mmoja tu kwenye ovaroli, kisha akatimua mbio, na mguu mwingine wa ile nguo unaburuzika nyuma yake kama mkia. Wa tatu ametulia tuli, anatafuna glavu. Utulivu wa mtoto wa umri ule naujua vizuri. Nikainama, nikanusa. Haya, tunavua, tunaanza upya.

Haya ndiyo maisha yangu kila majira ya baridi, na huu ni mwaka wa sita. Nafanya kazi chekechea huko Tromsø, kaskazini mwa Norwei, kama kilomita 350 juu ya Mzingo wa Aktiki, ule mstari wa kaskazini ya dunia ambao ukiuvuka kuna siku za baridi jua halichomozi kabisa. Ndugu zangu nyumbani wakiona picha za theluji huuliza swali lile lile: "Hao watoto mnawafungia ndani mpaka lini?" Hatuwafungii. Tunatoka nao kila siku. Mara nyingi tunatoka mara mbili, na wale wadogo kabisa usingizi wao wa mchana wanaulala huko huko nje. Hilo la kulala nitalirudia, maana lina kisa chake.

Mimi ni mtu wa Makete, nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Wanaoijua Makete wataelewa kwa nini nilipopata kazi hii nilijiona nimefika kwangu. Kwetu mwezi wa sita na wa saba unaamka unakuta majani meupe, viazi shambani vimeungua kwa sakitu kana kwamba mtu amepita usiku akivimwagia maji ya moto. Baridi kwetu si hadithi ya kusimuliwa. Na dawa yake kila mtu anaijua: moto, na nguo juu ya nguo. Mtoto anavikwa sweta, juu yake sweta, mzula kichwani, halafu mbeleko, halafu blanketi, mpaka yanabaki macho mawili tu na watu wanasema mama yule anajua kulea.

Basi mwaka wangu wa kwanza nikalea kwa staili hiyo. Nilikabidhiwa mtoto mmoja wa kuvalisha, nikamvalisha kwa mapenzi yote: fulana, sweta mbili, suruali mbili, ovaroli. Alipotoka mlangoni alitembea kama gunia la mkaa lililoota miguu. Alipoanguka kwenye theluji hakuweza kuinuka, akabaki anapepesa macho akiangalia mbingu. Mkuu wa kikundi chetu, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, akaja, akavua glavu yake, akaingiza vidole viwili nyuma ya shingo ya yule mtoto. Akavitoa, akanionyesha. Vilikuwa vimelowa.

Hakunigombeza. Alisema tu kwamba mtoto huyu ndani ya nusu saa atakuwa anatetemeka, na hatatetemeshwa na hali ya hewa, atatetemeshwa na jasho lake mwenyewe. Halafu akanifundisha kitu ambacho nakifanya mara hamsini kwa siku hadi leo: ukitaka kujua kama mtoto ana baridi usimshike vidole wala pua, hivyo ni vya baridi siku zote. Mshike nyuma ya shingo. Pakiwa na joto na pakavu, mwache acheze. Pakiwa na joto na unyevu, mpunguzie nguo haraka. Pakiwa pa baridi, ndipo sasa uwe na wasiwasi.

Tangu siku ile nimeiona baridi kwa jicho jingine. Baridi yenyewe haina neno. Tatizo ni maji.

Ukishalielewa hilo, kila kitu kwenye chumba cha kuvalia kinaanza kuwa na maana. Nguo ya ndani kabisa, inayogusa ngozi, lazima iwe ya sufu, kwa sababu sufu hata ikipata unyevu bado inatunza joto. Pamba ni marufuku. Pamba inanywa jasho, inalishikilia, inamgandisha nalo mtoto. Nilipomwambia mama yangu kwenye simu kwamba huku pamba ni adui, alicheka sana, yeye ambaye khanga yake imembeba mtoto, imefunga mzigo, imekuwa pazia na taulo na shuka. Juu ya sufu ya kwanza inakuja nyingine nene kidogo, au kitambaa chepesi chenye manyoya. Juu kabisa ni ovaroli isiyopitisha upepo, yenye mpira wa kupitisha chini ya buti ili theluji isipande mguuni. Kofia na soksi ya shingo (mimi ndivyo ninavyoiita, ni kama soksi iliyokatwa ncha) vinavaliwa mwisho kabisa, mlangoni, la sivyo mtoto anaanza kutoka jasho kabla hujafungua mlango.

Glavu zina ufundi wake. Za watoto wadogo hazina vidole, ni kifuko chenye kidole gumba tu. Unamvalisha glavu kwanza, kisha ndiyo unapitisha mkono kwenye ovaroli, ili mkono wa nguo uje juu ya glavu na theluji isipate pa kuingilia. Yeyote anayefanya kinyume atajua mwenyewe baada ya dakika kumi, maana mtoto atamjia amenyoosha mikono mbele, analia kwa sauti ambayo huku tunaitambua kutoka mbali: kilio cha theluji kwenye kifundo cha mkono.

Sasa kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia kabla sijaja: siku mbaya kuliko zote si zile za baridi kali. Tromsø iko kaskazini mno, ila mkondo wa maji vuguvugu ya bahari unaipunguzia makali. Wastani wa Januari ni kama nyuzi 4 chini ya sifuri, na ni nadra kufika 15. Ndani ya nchi, huko mkoa jirani wa Finnmark, watu wanapiga 30 chini ya sifuri na hawaandiki popote. Siku ya nyuzi 8 chini ya sifuri kwetu ni sikukuu. Theluji ni kavu kama unga wa sembe, unaipiga kofi inaruka, mtoto anabingirika nayo saa zima na anarudi ndani mkavu kama alivyotoka. Siku ninayoiogopa ni ile ya nyuzi 1 juu ya sifuri. Kwenye karatasi ni siku ya joto. Kwa kweli inanyesha theluji yenye majimaji, uwanja umekuwa uji, kila mtoto anakaa kwenye dimbwi kwa hiari yake, glavu zinalowa ndani ya robo saa, na ukizikamua zinatoa maji ya kahawia. Usiku yale maji yanaganda, kesho yake uwanja mzima ni kioo, na sisi wakubwa tunatembea na vyuma vya meno chini ya viatu huku tukimwaga kokoto.

Siku hizo chumba muhimu kuliko vyote ni kile chenye kabati la kukaushia. Ni kabati refu la chuma linalopuliza hewa ya moto, ndani lina vyuma kama vidole vya kutundikia glavu. Glavu arobaini zikiwa zimetundikwa pale, zote zimeelekea juu, unaona kama darasa zima limenyoosha mkono kujibu swali. Ukilifungua, harufu inakupiga usoni: sufu iliyolowa, mchanga, jasho, na mabaki ya mkate wenye jibini ya kahawia ambao mtu aliuficha kwenye glavu yake tangu asubuhi. Nikistaafu nadhani ndiyo harufu nitakayoikumbuka.

Nilidhani elimu hii ya ukavu ni ya Wanorwei na makabati yao. Kumbe ni ya zamani zaidi. Tarehe 6 Februari ni siku ya taifa ya Wasami, wenyeji wa kaskazini hii, kwa kumbukumbu ya mkutano wao mkuu wa mwaka 1917 kule Trondheim. Chekechea zote zinaiadhimisha. Tunapandisha bendera yao, tunakula supu ya nyama ya reinia, mnyama wa jamii ya kulungu anayefugwa na Wasami, na watoto wanajifunza kurusha kamba kwenye pembe za reinia tulizozichomeka kwenye theluji. Hakuna anayelenga, ila kelele zake zinasikika mtaa wa pili. Mwaka mmoja bibi wa mtoto mmoja alikuja amevaa vazi lao, na miguuni viatu vya ngozi ya reinia. Alivua kimoja mbele ya watoto. Ndani hakukuwa na soksi. Kulikuwa na nyasi kavu, laini, zimekunjwa zikakaa umbo la mguu. Akaeleza kwamba nyasi zile huvunwa kiangazi, hupondwapondwa, husokotwa, na zikitiwa kiatuni zinanyonya unyevu. Jioni unazitoa, unazitandaza zikauke, kesho unarudia. Watoto walitaka kuzionja. Mimi nilibaki nimeduwaa nikizitazama zile nyasi. Watu wameishi huku miaka na miaka bila kabati la umeme, na siri ilikuwa hii hii.

Nisije nikawafanya mkadhani ni shairi tupu. Kuvalisha ni kazi ngumu, na nina la kusema. Wageni wakija kutembelea chekechea za Norwei husifia watoto kucheza nje, wanapiga picha, wanaandika ripoti. Sijaona ripoti iliyohesabu dakika za chumba cha kuvalia. Hebu tuhesabu. Sheria tangu mwaka 2018 inataka mtu mzima mmoja kwa kila watoto watatu walio chini ya miaka mitatu, na mmoja kwa kila sita waliozidi hapo. Inasikika vizuri, na kweli ukilinganisha na kwingi duniani ni neema. Lakini hesabu hiyo ni ya nafasi za kazi, si ya kila saa. Kituo kinafunguliwa saa moja na nusu asubuhi, kinafungwa saa kumi na moja jioni, na hakuna binadamu anayefanya kazi saa zote hizo. Kwa hiyo asubuhi mnakuwa wachache, jioni mnakuwa wachache, na katikati kuna mapumziko na vikao. Mmoja akiugua, mnabaki wawili kwa watoto tisa. Watoto tisa mara buti mbili, mara glavu mbili, mara kofia, mara soksi ya shingo, mara ovaroli. Kutoka nje kwa saa moja kunatugharimu dakika arobaini za kuvaa na ishirini za kuvua. Mgongo wangu unajua hesabu hiyo kuliko kompyuta ya ofisi yoyote.

Hata hivyo wenzangu walinifundisha kutoiita kupoteza muda, na hapo nimekubali, si kwa sababu ni walimu wazuri wa maneno bali kwa sababu nimeona. Mtoto wa miezi kumi na nane anayesukuma mguu wake kwenye buti kwa dakika nne, ulimi nje, anafanya kazi ya maana kuliko chochote nilichomwandalia mezani. Ukimsaidia haraka umemnyang'anya. Vilevile pale sakafuni ndipo wanapojifunza kuongea: mguu, mwingine, huu, uko wapi, umekwama, vuta. Nimewasikia wakipata neno lao la kwanza wakiwa na kichwa ndani ya kofia.

Giza nalo watu huliulizia sana. Mjini kwetu jua linaaga kama tarehe 21 Novemba na kurudi tarehe 21 Januari. Katikati hapo si kwamba ni usiku mtupu, saa sita mchana kuna mwanga wa buluu unaokaa saa chache, theluji nayo inaurudisha, na kila kitu kinaonekana kama kimelowekwa kwenye wino uliozimuliwa. Watoto wanavaa vizibao vinavyong'aa, wakubwa kidogo wanapewa taa za kichwani. Kuwaona wakitoka mlangoni mmoja mmoja, kila mmoja na mwali wake unaoyumba, ni kama kuona wavuvi wa dagaa wakiingia ziwani. Wao giza haliwasumbui. Linatusumbua sisi watu wazima, hasa sisi wenye ngozi nyeusi, ambao mwili wetu unahitaji jua zaidi kutengeneza vitamini D. Kijiko cha mafuta ya ini la samaki kila asubuhi. Sijakizoea na sitakizoea.

Magonjwa yapo. Makamasi kuanzia Oktoba hadi Aprili, na kila mwaka lazima lipite lile gonjwa la kutapika ambalo linaangusha kikundi kizima kama pini za mchezo wa bowling. Anayetapika anakaa nyumbani saa 48 baada ya tapiko la mwisho, na sisi tunanawa kwa sabuni mpaka mikono inapasuka. Virusi vya gonjwa hilo hupitishwa kwa mikono na vitasa vya milango, tukiwa tumebanana ndani.

Sasa kile kisa cha kulala.

Sheria inatufunga mdomo kuhusu watoto wa watu, lakini mama huyu amenipa ruhusa, alimradi nisitaje jina wala mtaa. Ni Mkongo kutoka Kivu, alipitisha miaka kwenye kambi ya wakimbizi Uganda kabla ya kuletwa huku. Mtoto wake alianza kwetu mwezi wa Januari akiwa na mwaka na miezi miwili. Huku kila mtoto aliyefikisha mwaka ana haki ya nafasi, na siku za mwanzo mzazi anakaa naye kituoni mpaka azoee. Ilipofika saa tano na nusu tukawavalisha wadogo sufu, tukawatia kwenye vigari vyao, ndani ya mifuko mizito yenye ngozi ya kondoo, tukavisukuma mpaka kibarazani. Nje ilikuwa nyuzi 6 chini ya sifuri. Kwetu mpaka ni 10, ikizidi hapo wanalala ndani.

Mama alikuwa akitabasamu tangu asubuhi, tabasamu la mtu asiyejua lugha. Alipoona mlango unafunguliwa na vigari vinatoka, akanigeukia. Alikuwa amesikia kwamba najua Kiswahili.

"Dada, juu ya nini munalalisha batoto inje kama imbwa?"

Mwenzangu akaniuliza amesema nini. Nikamwambia anauliza habari za usingizi.

Nilianza kumweleza maneno ya kwenye kipeperushi, hewa safi na kadhalika, nikaona macho yake yamefunga mlango. Nikaacha. Ukweli ni kwamba namwelewa. Huku wengi watakuapia kuwa mtoto anayelala nje haugui. Mimi siapi. Ninachojua ni kwamba wanalala muda mrefu na wanaamka bila kununa. Na mwaka wangu wa kwanza, kila baada ya dakika tano nilikuwa natoka kisirisiri, nasogeza kiganja puani mwa kila mmoja kuhakikisha anapumua. Wenzangu walijua, wakajifanya hawajui.

Kwa hiyo nilimshika mkono tu yule mama. Nikampeleka kwenye kigari cha mtoto mwingine, nikafungua zipu kidogo, nikaingiza vidole vyake nyuma ya shingo ya yule mtoto aliyelala fofofo, mashavu mekundu, pua ya baridi kama barafu. Alikaa hivyo kitambo. Akatoa mkono, akavitazama vidole vyake, hakusema kitu.

Wa kwake hakumtoa. Ni haki yake, na kwa wiki tatu mtoto alilala ndani, peke yake, chumba cha michezo. Katikati ya hapo jua likarudi. Siku hiyo Tromsø ina desturi moja ninayoipenda kuliko Krismasi: watu wanakula maandazi ya jua, mviringo, yamekaangwa na kujazwa jamu ndani. Ni maandazi kabisa, sikuzi maneno, yanakosa iliki tu. Tulitoka wote uwanjani na nguo za njano juu ya ovaroli, tukaimba tukielekea kusini. Mawingu yalikuwa mazito na jua hatukuliona hata chembe. Maandazi tuliyamaliza. Yule mama alikuja kumchukua mwanawe, akapewa la kwake, akaliuma, akasema kumbe na hawa bazungu bako na akili.

Wiki iliyofuata mtoto mwenyewe ndiye aliyeamua. Vigari vilipokuwa vinatolewa aliburuza mfuko wake mpaka mlangoni, akaugandamiza uso kwenye kioo, akalia kwa uchungu wa mtu aliyeachwa na basi. Tukampigia mama simu. Akakaa kimya, kisha akasema basi, mumujaribishe.

Jumamosi moja mwezi wa Machi simu yangu ikaita. Ni yeye, na meno yanagongana mpaka maneno yanakatika.

"Dada, huyu mutoto alikataa kulala mu nyumba. Nikamuweka kwa baraza, ule mufuko wa kondoo. Sasa iko saa moja na nusu analala. Mi niko pembeni yake na mablanketi mbili na chai, ninamuchunga. Yeye anasinzia vizuri, mi ndiye ninakufa na baridi."

"Umemgusa shingoni?"

Nikasikia zipu ikifunguka polepole, halafu ikifungwa.

"Iko kavu," akasema.